Kasri Lililotolewa Rangi

Eddah Ajwang ni mwoga, na hajawahi kujisumbua kulificha hilo. Anaogopa mbwa, hata waliofungwa. Anaogopa radi, anaogopa lile daraja la mbao chini ya kiwanda cha chai, na zaidi ya yote anaogopa simu inayolia kabla ya saa mbili asubuhi. Watu wa Sotik humtania kwamba ukitaka kumwona Mama Picha akikimbia, mfungulie kuku. Yeye hucheka nao. Mama yake alimlea kwa methali moja tu, kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na katika miaka yake arobaini Eddah hajaona sababu ya kutafuta nyingine.

Studio yake ni chumba kimoja kando ya barabara ya Kisii, kati ya duka la dawa za mifugo na fundi wa viatu. Harusi na wanafunzi wanaohitimu ni kazi za msimu. Kazi isiyokatika ni ya waliokufa. Mtu akifariki, familia humletea Eddah picha, mara nyingi ya simu na mara nyingi mbaya: marehemu yuko kwenye harusi ya wenyewe, soda mkononi, nusu ya shemeji imemwegemea begani. Eddah humkata shemeji, hufuta soda, humbakiza marehemu kuanzia kifuani kwenda juu, humtoa rangi zote akawa mweusi na mweupe, kisha humtia kwenye fremu nyeusi. Nakala moja huingia kwenye programu ya mazishi. Nyingine hubebwa mbele ya jeneza. Ya tatu huning'inizwa kwenye msumari wa dirisha la studio, na chini yake kikaratasi chenye siku ya kuzika, ili wapitao wajue nani ametutoka.

Desturi hiyo ya msumari aliianzisha mwenyewe miaka kumi na mitano iliyopita, alipochoka kuulizwa maswali yale yale kila saa. Walio hai hubandikwa ukutani ndani, na rangi zao zote. Wa dirishani hana rangi. Hata watoto wa chekechea wanalijua hilo, na siku za soko watu huinua macho pale dirishani kwanza kabla ya kwenda kuuliza bei ya viazi. Sasa mtu aliyeitunga sheria kwa mkono wake aliisahau vipi? Ndiyo habari yenyewe, na ukiisikia utaona kwamba ungeisahau vilevile.

Kilomita sita hivi kutoka mjini, juu ya mashamba ya chai, kuna nyumba ya mawe aliyojijengea mzungu mmoja wa zamani aliyetaka kuishi kama wafalme wa kwao. Ina mnara, juu ya mnara kuna meno ya mawe, na madirisha yake ni membamba kiasi kwamba paka mnene angekwama. Watu huiita Kasri. Mzungu alikwenda zake, waliomfuata nao wakaenda zao, shamba likapita mikono kadhaa, na kwa miaka thelathini na ushei aliyebaki pale ni soja wa kuilinda, mzee Kipkosgei, na ng'ombe mmoja na kibanda cha mabati ubavuni mwa ukuta.

Eddah alizaliwa kambini mwa wachuma chai, chini ya Kasri hilo. Baba yake alitoka upande wa ziwa kuja kuchuma chai, akafa mapema. Mama yake, Monicah, akachukua kikapu cha mume na kuendelea. Mwanzoni mwa mwaka wa elfu mbili na nane, uchaguzi ulipoharibika na majirani wakaanza kuulizana majina na makabila, mama na binti waliamka wakakuta kambi nusu tupu na moshi umesimama upande wa barabara. Hawakuwa na pa kwenda. Kipkosgei alikuja mchana kweupe, gunia la nyasi kichwani, akawapa kila mmoja gunia lake na kuwaambia wamfuate kama watu wanaotoka kukata majani ya ng'ombe. Akawapandisha mnara hadi chumba cha juu kabisa. Akawaambia wafunge komeo kwa ndani.

Walikaa humo siku tano. Kila alipoleta maziwa na ugali, mzee aligonga mara tatu, polepole, kisha akasema, "Ni mimi, Kipkosgei." Wakisikia kugonga kwingine kokote wasifungue, wala wasikohoe. Siku ya tatu walisikia kugonga kwingine. Watu walikuja mlango wa chini wakauliza kama kuna mtu huko juu, na mzee akawajibu kwa Kikipsigis. Monicah hakuelewa, lakini Eddah alikuwa amecheza na watoto wa kule tangu utotoni, akasikia kila neno: humo hamna kitu ila popo, na asiyeamini apande aone, ngazi ndizo hizo. Hawakupanda. Eddah alikuwa amejikunyata kwenye kona nyuma ya mlango, mkono wa mama yake ukimziba mdomo, na uoga alio nao mpaka leo ulimwingia pale.

Monicah alirudi kwao Homa Bay, akafia huko miaka mingi baadaye, kitandani mwake. Eddah alirudi Sotik. Walipomuuliza nyumbani kwa nini, alijibu kwamba hajui kupiga picha za samaki. Jibu la kweli lilikuwa na fimbo na lilikuwa likikama ng'ombe pale mlimani.

Basi mwaka huu akatokea mtu anayeitwa Bosire, meneja wa hoteli mpya ya wageni iliyokuwa ikimaliziwa kujengwa upande wa Kericho. Alitaka picha kubwa ya Kasri kwa ukuta wa mapokezi. Eddah hakuwa ameombwa hata siku moja picha ya kutundikwa kwa sababu ya uzuri wake tu, bila mtu kufa, kuoa wala kuomba pasipoti. Alipanda mlima Jumatano, saa kumi na moja jioni, akapiga picha, akashuka akiimba.

Alipoifungua kwenye kompyuta, wimbo ukaisha. Ilikuwa picha ya Kasri, ndiyo, lakini ilikuwa pia picha ya tangi la maji la buluu, ya kamba ya nguo yenye shati jekundu na blanketi, ya nyaya za umeme zilizopita juu bila kusimama, na ya ng'ombe aliyegeuza makalio. Chai ilikuwa kijani mpaka macho yanauma. Mzee Kipkosgei alikuwa mlangoni pa mnara, amesimama wima kwa fimbo yake kwa sababu alidhani ni lazima, na kutoka chini ya picha kivuli cha Eddah mwenyewe kilikuwa kimetambaa juu ya vidato vya mlangoni mpaka miguuni pake. Bosire aliiona kwenye simu akasema, kwa upole wa mtu ambaye hataki kuudhi, kwamba ya namna hiyo hata mpishi wake anayo.

Alhamisi Eddah alikaa kitako akaanza kukata. Alianza kushoto, tangi likaenda. Akaja kulia, ikaenda kamba na shati lake, na ng'ombe na makalio yake. Akashusha kutoka juu mpaka nyaya zikatoka, akabakisha wingu moja tu juu ya meno ya mnara. Mwisho akapandisha kutoka chini, kivuli kikatoka. Picha iliyokuwa pana imelala sasa ikasimama, mnara mtupu na mlango wake na mtu mlangoni. Lakini rangi bado ziligombana. Koti la soja lilikuwa la buluu, jiwe lilikuwa la manjano ya jioni, na kijani cha chai hakikumwachia yeyote nafasi ya kusema.

Akazitoa zote. Mara ya kwanza picha ikawa ya kijivu kama maji ya kuoshea sufuria. Hakukata tamaa, maana hiyo kazi anaijua. Alichukua kijani akakizamisha mpaka chai ikakaribia kuwa nyeusi. Alichukua manjano akaipandisha, na jiwe likaanza kung'aa, kila tofali na ufa wake. Akalitia anga giza kidogo mpaka wingu likatokeza. Kisha akaufungua uso wa mzee kwa mwanga kidogo, kama anavyofanya kwa wote, ili macho yaonekane. Aliporudisha kiti nyuma akatazama, alijiziba mdomo. Katika maisha yake hakuwa amefanya kitu kizuri namna ile. Na ilikuwa nzuri kwa sababu mikono yake ilikuwa imeifanya kazi hiyo mara mia kadhaa, kwa mwalimu huyu na mama yule, wote marehemu.

Aliichapa kwa ukubwa wote wa printa yake. Akaitia fremu nyeusi, maana za ukubwa ule hana rangi nyingine. Bosire alikuwa amesema angepita Jumamosi asubuhi, na ukuta wa ndani ulikuwa umejaa. Msumari wa dirishani ulikuwa wazi, kwa sababu mwalimu Ombui alikuwa amezikwa juzi yake na familia ilikuwa imekuja kuichukua picha yao. Ijumaa jioni Eddah akaitundika pale, akasimama barabarani kuitazama kwa furaha, akafunga mlango akaenda nyumbani. Yeye alitundika Kasri. Siku zote tatu alikuwa ameshughulika na jiwe, na mzee mlangoni kwake alikuwa kama kitasa cha mlango, kitu cha kuonyesha urefu wa mnara.

Jumamosi saa moja kasoro, simu ikalia.

Ilikuwa namba ya Rodah, binti wa pekee wa Kipkosgei, aliyeolewa Chepseon. Rodah hupiga simu Krismasi na Pasaka. Eddah aliiacha ikalia mara nne, kisha akapokea.

"Eddah," Rodah alisema, na sauti yake ilikuwa kavu kabisa, "baba amekufa lini, na wewe umejua aje kabla yangu?"

Mtu wa Sotik alikuwa amepiga picha ya dirisha kwa simu na kuituma kwenye kikundi cha ukoo, na chini yake ameandika pole. Eddah alijaribu kueleza. Alisema ni picha tu, alisema ni Kasri, alisema mambo ya hoteli, na kila neno alilotoa lilizidi kuonekana la mtu anayeficha msiba. Rodah alimwuliza jambo moja tu, kama amemsikia mzee kwa masikio yake asubuhi hiyo. Eddah akasema bado hajampigia. Rodah akasema yuko njiani.

Eddah alikimbia mpaka studio na khanga aliyolalia. Mbele ya dirisha walikuwa wamesimama watu kama kumi na tano, na kila mwenye kofia alikuwa ameivua. Mama mmoja wa viazi aligeuka akamshika mkono, akampa pole, akasema kila mtu anajua mzee alikuwa kama baba kwake. Mwingine akauliza kwa heshima mbona hajaandika siku ya kuzika. Eddah aliishusha picha, akawaambia kwamba Kipkosgei ni mzima, alimwona Jumatano akiwa amesimama kwa miguu yake. Walimtazama kwa huruma. Nyuma kabisa mtu akasema yeye alisikia tangu jana kwamba mzee anaumwa kifua, na mwingine akaongeza kwamba kweli, kifua, na sasa ugonjwa wenyewe ukawa umepata mashahidi wawili.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Eddah alikuwa amelisikia neno hilo tangu utoto, na hakuwa amewahi kuliogopa mpaka asubuhi hiyo. Aliipiga namba ya mzee. Mteja hapatikani. Akapiga tena, na tena, mara kumi na moja, na kila mara yule mwanamke wa kwenye simu akamwambia lile lile kwa adabu ile ile. Ikamjia fikra mbaya, na ilipokuja haikutoka. Alikuwa amemtoa mzee rangi Alhamisi. Alikuwa ameufungua uso wake kwa mwanga, kama anavyofanya kwa wote. Na kati ya wote aliowahi kuwafanyia hivyo, hakuna hata mmoja aliyekuwa anapumua.

Alimkodi Oyaro, mwendesha bodaboda mwenye ndevu za mvi ambaye ni shemasi kanisani na haendeshi kwa fujo. Siku hiyo Eddah alitamani aendeshe kwa fujo. Ukungu ulikuwa umelalia chai, barabara ya shamba inateleza, na kila kona aliona miti ikitokea ghafla na kupotea. Karibu na juu walikutana na akina mama wawili wakishuka, leso vichwani, wakilia. Oyaro alisimama. Walisema wamekwenda tangu alfajiri waliposikia, wamemwita mzee mpaka sauti zimekauka, na hajaitika. Kisha mmoja akasema neno moja zaidi. Alisema ng'ombe bado amefungwa, na hajakamwa.

Miaka thelathini Kipkosgei hajaacha kumkama ng'ombe wake kabla ya jua. Siku zile tano za mwaka ule, watu wakizunguka na mapanga, alikama kwa wakati.

Getini Oyaro alizima pikipiki, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye atangojea hapo hapo na atakuwa akiomba. Eddah hakumlaumu. Yeye mwenyewe asingeingia kama angekuwa na pa kurudi, lakini Rodah alikuwa njiani, na kuna mambo ambayo mtu akiyafanya lazima awe wa kwanza kuyakuta. Akaingia peke yake.

Ng'ombe alikuwa akilia, kiwele kimejaa mpaka kimekaza. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi. Ndani jiko lilikuwa limezimika, kikombe cha chai kimejaa na kimepoa, kimefunga utando juu, na simu ya mzee iko kando yake, giza tupu. Eddah aliita. Sauti yake ilitoka nyembamba akaiona aibu, akaita tena. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Fimbo haikuwepo. Akazunguka nyuma ya tangi, akaangalia chini ya kamba ya nguo, akaangalia hata kisimani, na kila alipotazama alitazama kwanza kwa jicho moja.

Ndipo akaona mlango wa mnara umeachwa nusu wazi.

Hakuwa amepanda ngazi zile tangu aliposhuka mwaka ule. Alikuwa amepiga picha ya mnara huo kwa nje, amehesabu nyufa zake zote, lakini ndani hakuingia. Alisimama pale chini akijiambia kwamba ni bora amwite Oyaro, ni bora wangoje mtu wa tatu, ni bora wangoje polisi. Kisha akaanza kupanda huku amegusa ukuta. Juu kulikuwa na ule mlango wa mbao, na alipousukuma haukwenda. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani.

Mtu aliye hai hufunga komeo. Mtu akishafunga komeo anaweza pia kufa. Eddah aliweka sikio kwenye mbao akasikia moyo wake tu. Alitaka kuliita jina la mzee kwa nguvu, na hapo hapo akakumbuka alivyokuwa upande ule mwingine wa mlango, mkono wa mama yake mdomoni, na jinsi kila sauti ya mtu anayeita ilivyokuwa sauti ya kifo. Akakunja ngumi. Akagonga mara tatu, polepole.

"Ni mimi," alisema. "Eddah."

Kisha fimbo ikaparuza sakafu, na komeo likavutwa.

Mzee Kipkosgei alikuwa kwenye ile kona nyuma ya mlango, amerudi kukaa, koti la buluu limevutwa mpaka masikioni. Eddah alipiga magoti akamshika mikono yote miwili. Ilikuwa baridi, lakini ilimshika na yeye.

Mzee alimweleza taratibu, na Eddah alilazimika kusogeza sikio. Alikuwa ametoka na ndoo kwenda kukama akasikia kilio kinapanda barabarani. Akasimama asikilize ni nani amefiwa, na akasikia jina lake. Simu yake ilikuwa imeishiwa moto, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza.

"Walikuwa wanalia Kipkosgei, Kipkosgei," alisema. "Nikajishika mkono hivi, nikasikia ni baridi. Nikasema, barabara mzima ikisema umekufa, wewe ni nani wa kukatalia? Nikakuja hapa. Huku watu wakitafutwa, huwa hawapatikani."

Eddah alilia pale sakafuni kama mtoto. Alikiri yote, Bosire na fremu na msumari, akatoa simu akamwonyesha picha. Mzee aliishika mbali na macho, akaitazama kwa muda mrefu, na Eddah akangoja kusikia hata neno moja la kusifu jiwe. Mtu wa picha ni mtu wa picha, hata siku ya namna hiyo.

"Ni msuri," mzee akasema, na kwa lafudhi ya kwao mzuri ikatoka msuri. "Lakini tanki umetoa. Shati umetoa. Chepkitwal umetoa." Hilo ndilo jina la ng'ombe. "Halafu ukanitoa na rangi. Sasa mimi hapa nimebaki na nini, kama si kufa?"

Eddah akamfungulia ile nyingine, ya kwanza, pana. Mzee akacheka kidogo alipoona makalio ya ng'ombe. Kisha kidole chake kikashuka chini, kikasimama juu ya vidato.

"Na huyu ni wewe," akasema. "Kivuli yako. Imekuja mpaka kwa miguu yangu. Mbona ulijikata na wewe?"

Eddah alisema kila anayepiga picha hukikata kivuli chake, ni sheria ya kazi. Mzee alitikisa kichwa kana kwamba hiyo ilikuwa sheria ya watu wasio na akili nyingi. Wakashuka pamoja, yeye mbele na Eddah nyuma ameshika mkia wa koti, na jambo la kwanza alilolifanya mzee, kabla ya kuongea na Oyaro aliyekuwa amepiga magoti getini, ni kukama.

Rodah alifika ndoo ikiwa nusu. Alimkumbatia baba yake pamoja na ndoo, maziwa yakamwagika, akamgusa uso, masikio, kifua. Kisha akageuka akamwambia Eddah kwamba siku moja watazungumza, lakini si leo. Ilikuwa haki yake. Hawakuzungumza mpaka baada ya miezi miwili, na hata hapo Rodah ndiye aliyezungumza zaidi.

Mzee alikataa kukaa nyumbani. Alisema uongo wa sokoni huzimwa sokoni. Akavaa viatu vya kanisani, akapanda nyuma ya Oyaro, na kuanzia saa tano akaketi kwenye stuli ya kupigia picha za pasipoti mbele ya studio, chini kabisa ya ule msumari. Watu walikuja. Wengine walimsalimu kwa mbali kwanza, na yule mama wa viazi alimshika mkono akauachia haraka, kisha akaushika tena. Yule shahidi wa kifua alipita upande wa pili wa barabara. Mzee aliwasalimu wote kwa majina, na kwa kila mmoja akasimama, ili waone kwamba anasimama.

Bosire naye akafika na kukuta picha ya fremu nyeusi imeegemezwa ukutani ndani, uso kwa ukuta. Aliigeuza mwenyewe. Akapiga mluzi. Akasema hii ndiyo, hii hata Nairobi hawana, na angetaka kuichukua sasa hivi. Eddah alihisi jinsi neno hilo lilivyoingia mahali palipokuwa na njaa kwa miaka kumi na mitano. Akamwambia hapana. Akampa ile nyingine, ya tangi na shati. Bosire akamtazama kama mtu aliyeharibikiwa akili, akasema labda wakati mwingine, akaenda. Iliuma, na bado inauma akipita mbele ya hoteli ile na kuona ukutani pa mapokezi wametundika picha ya twiga.

Jioni mzee alipoinuka kwenda, Eddah alimwuliza kama ile isiyo na rangi aifute kabisa, mbele ya macho yake. Kipkosgei alifikiri.

"Weka," akasema. "Iko siku itatakikana, na hiyo siku si wewe utachagua. Lakini ikifika, rangi toa. Kivuli yako usitoe."

Picha pana iko ukutani ndani ya studio sasa, na tangi lake la buluu, na shati jekundu, na Chepkitwal ameipa Sotik nzima makalio. Ile nyingine imo ndani ya kompyuta, na Eddah akipita karibu na jina la faili hiyo huondoa macho. Uoga haujamwisha. Umeongezeka, kama unataka kujua. Ila Rodah alimpelekea baba yake taa ya sola yenye pa kuchajia simu, na tangu hapo kila asubuhi, saa moja kasoro, Eddah ambaye huogopa simu za asubuhi kuliko mbwa hukaa ukingoni mwa kitanda na kubonyeza namba mwenyewe. Simu huita mara mbili, tatu, nne, na yeye huhesabu bila kupumua. Kisha nyuma ya sauti ya maziwa yakiingia ndooni, mzee hupokea.

"Ni mimi," husema. "Kipkosgei."